Mashua Kuukuu na Mashine Mpya

Katika ufuo wowote wa pwani yetu, tangu visiwa vya Lamu hadi Kilwa, mtu hakosi kuona mashua ndogo ya kuvulia iliyokokotwa juu ya mchanga, mbao zake zingali nzima na mkuku wake umenyooka, ila tezini pake pamebaki matundu ya bolti tu, kwa sababu mashine iliyokuwa ikiisukuma imekufa na mwenyewe hakujua la kufanya. Hilo si jambo la ajabu, maana umri wa chombo kilichoundwa kwa mbao njema na kutunzwa vizuri aghalabu huzidi umri wa mashine mara mbili au tatu, na kwa hiyo kila aliye na chombo cha namna hiyo hana budi kufikiwa siku moja na swali lilelile: je, akitie mashine mpya, na kama atakitia, iwe mashine gani? Wengi hulijibu kwa haraka mno, kwa kuuliza bei dukani na nguvu za farasi, wakanunua kubwa kuliko zote walizozimudu. Maoni yangu, ambayo nakusudia kuyatolea ithibati hapa, ni kwamba jawabu la swali hili limekwisha andikwa katika umbo la chombo chini ya maji tangu siku fundi alipoulaza mkuku, na kwamba raha yote ya kukimiliki chombo cha zamani, pamoja na akiba yote ya fedha, humfikia yule anayelisoma umbo hilo kabla ya kuisoma orodha ya bei.

Yafaa kwanza tukumbuke mambo yalivyotokea. Mashua ya pwani iliundwa kwa ajili ya tanga. Omo yake nyembamba, tumbo lake lenye kina na tezi yake iliyokatwa wima vilikusudiwa kuubeba mlingoti na kuyakata mawimbi ya kusi bila ya kupinduka, na hapana fundi wa Matondoni, wa Nungwi wala wa Jibondo wa zamani aliyewaza kwamba siku moja tezi ile ingekuja kuangikiwa chuma chenye kutetemeka. Mashine ya kupachika nyuma ya chombo ilizaliwa mbali na hapa: Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwe aliyehamia Marekani, alianza kuuza zake mjini Milwaukee mwaka 1909, na baada yake zikafuata nyingine nyingi, zikiwamo British Seagull za Uingereza, zilizoenea katika bandari nyingi za makoloni na ambazo zile za zamani zilitaka chupa moja ya oili kwa kila chupa kumi za petroli, hata moshi wake ukaonekana kabla ya chombo chenyewe. Wajapani waliingia baadaye. Yamaha ilitoa mashine yake ya kwanza ya baharini mwaka 1960, na leo hakuna bandari ndogo katika pwani hii ambayo jina hilo halijulikani hata na watoto. Mashine za dizeli za kufungwa ndani ya chombo nazo zilikuja kwa njia yake, hasa katika majahazi na mashua kubwa. Lakini katika zamu zote hizo umbo la mashua lilibadilika kidogo sana. Mashine ndiyo iliyokuja kumkuta mwenyeji, na mwenyeji akabaki na tabia zake.

Tabia hizo ndizo kiini cha mas'ala yote, na inafaa tuzieleze kwa utulivu. Vyombo vidogo vya baharini ni vya aina mbili. Kuna kile ambacho, kikisukumwa kwa nguvu za kutosha, huinuka na kuteleza juu ya uso wa maji. Tumbo lake la nyuma ni bapa, na uzito wake ni mdogo. Na kuna kile ambacho hakiinuki kamwe, bali huyakata maji na kuyasukuma kando, na katika kwenda kwake huzusha wimbi moja omoni na jingine tezini. Kadiri kinavyokwenda kasi, ndivyo masafa baina ya mawimbi hayo mawili yanavyorefuka, mpaka ifike hali ya chombo kukaa katika bonde baina yake, omo juu na tezi chini, na tangu hapo kila nguvu inayoongezwa hutumika katika kukipandisha chombo mlima wa maji ambao hakiwezi kuupanda. Mabaharia wa mashine wana hesabu nyepesi ya mpaka huo: chukua urefu wa chombo pale kinapogusa maji, kwa futi, utafute kipeo chake cha pili, kisha ukizidishe kwa moja na thuluthi. Mashua yenye futi 16 majini itafika maili 5 na kidogo za bahari kwa saa. Yenye futi 25 itafika chini kidogo ya 7. Hapo ndipo mwisho.

Mashua yetu ya mbao ni ya aina hii ya pili. Chombo cha tani 2, pamoja na watu, barafu na mafuta, hutaka nguvu za farasi 4 au 5 kwa kila tani ili kifike karibu na mpaka wake, yaani farasi 8 hadi 10, na ukikiwekea akiba kwa ajili ya siku ya kusi kali na mkondo wa kinyume, basi 15 zinakitosha na kubaki. Mwenye kuangika mashine ya farasi 40 katika chombo hicho hatapata mwendo mara tatu. Atapata maili moja ya nyongeza, pengine isitimie, na atailipia kwa petroli, maana mashine ya farasi 40 ikifunguliwa yote hula lita 15 na zaidi kwa saa. Isitoshe, uzito wake huizamisha tezi, maji yakapanda hadi kwenye mbao ambazo hazikutiwa kalafati kwa kazi hiyo, na msukumo wake huulegeza ule ubao wa nyuma ambao fundi aliuweka ili kuufunga mwili wa chombo tu. Nimeona mashua zilizovuja maisha yao yote yaliyobaki kwa sababu ya takabari hiyo ya farasi, na wenyewe wakalaumu mbao.

Mtu atasema: kama ni hivyo, kuna raha gani katika chombo kisichoweza kukimbia? Nami najibu kwamba kwa mvuvi wa mshipi mwendo huo wa mashua ndio hasa mwendo unaotakiwa. Anayerambaza nguru kwa chambo cha samaki mbichi huenda maili 4 hadi 6 kwa saa, si zaidi, kwani chambo kikivutwa kasi kuliko hapo huzunguka na kukatika. Kolekole, jodari mdogo, fulusi na mzia wote huvuliwa katika mwendo huohuo au ulio karibu nao. Chombo cha kuteleza juu ya maji kina shida hasa katika mwendo huu: kikipunguzwa kasi hukaa vibaya, hutikisika kila upande, na mashine yake kubwa, ikizunguka polepole muda mrefu, hujaa masizi. Mashua yenye tumbo hukaa imara, huupokea wimbi bila ya kishindo, na mashine yake ndogo hufanya kazi katika kipimo kinachoipendeza. Ndiyo sababu asubuhi ya kaskazi, bahari ikiwa shwari nje ya miamba ya Watamu au katika Mlango wa Pemba ambako kina hushuka mamia ya mita karibu na nchi kavu, mtu aliyekaa tezini mwa mashua ya farasi 15, mshipi mkononi, hapungukiwi na kitu. Husikia maji yakipita ubavuni, huwaona ndege wakikusanyika juu ya dagaa, na huwa na wasaa wa kuyaelekea makundi hayo kwa adabu bila ya kuyatawanya.

Lakini insafu inatutaka tuseme pia mahali mashua hiyo isipofaa. Anayetaka kwenda Fungu Kizimkazi, zaidi ya maili 30 za bahari kutoka Dar es Salaam, avue jodari wakubwa na arudi kabla ya magharibi, asijidanganye: kwa mwendo wa maili 6 kwenda peke yake ni saa tano au zaidi, na alasiri upepo haungoji mtu. Huyo na atafute chombo cha aina nyingine. Hata Ernest Hemingway, ambaye baada ya kurudi kutoka safari yake ya Afrika Mashariki mwaka 1934 aliagiza chombo chake *Pilar*, cha mbao na cha futi 38, kutoka kwa waunda vyombo wa Wheeler huko Brooklyn, hakuiomba mashine moja imfanyie kila kazi. Alifunga mbili: kubwa ya Chrysler ya farasi 75 kwa masafa, na ndogo ya Lycoming ya farasi 40 kwa kurambaza polepole na kwa kumrudisha nyumbani ikiwa kubwa imekufa. Hikima iliyo katika mpango ule haijachakaa.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe, kwa sababu hapana hasara iliyo mbaya kuliko kufunga mashine mpya ya thamani juu ya mbao zilizokufa. Mashua ya mbao huchunguzwa ikiwa nchi kavu, maji ya bamvua yakiwa yameipandisha juu kabisa na kupwa kukaiacha hapo siku kadhaa. Kisu chembamba hutiwa pale ubao wa kwanza unapokutana na mkuku, na pale vichwa vya mataruma vinapofikia, na chini ya sitaha ya omo ambako maji ya mvua hutuama. Kisu kikizama kwa urahisi, kazi ya mashine na ingoje kazi ya seremala. Misumari ya chuma ndiyo adui wa siri: ikishika kutu, mbao inayoizunguka hugeuka nyeusi na laini, na ubao ulio mzima kwa macho huwa haushikwi na kitu. Mtikisiko wa mashine huupata ubao huo upesi kuliko upepo ulivyoupata. Ikiwa mbambakofi au mvule ungali mgumu, misumari hubadilishwa, kalafati ya zamani hutolewa na mpya ya pamba iliyoloweshwa mafuta kugongelewa, mafuta ya sifa yakapakwa juu na deheni ya chokaa na shahamu chini, na chombo kikawa tayari kwa miaka mingine mingi. Kazi hii ni rahisi kwa bei ukiilinganisha na mashine, na watu wengi huiruka.

Boti za faiba zina maradhi mengine. Nyingi katika zile za miaka ya 1960 na 1970 zilitiwa plaiwudi katikati ya tabaka mbili za faiba pale tezini, na maji yakiingia kupitia tundu moja la bolti lisilozibwa, plaiwudi huoza ndani huku nje kuking'aa kama kawaida. Mpini wa nyundo ukigongwa hapo utasema kweli: mlio mkavu ni uzima, mlio mzito ni kuoza. Mfano mashuhuri wa boti za namna hii ni Boston Whaler ya futi 13, iliyotoka Marekani mwaka 1958 kwa juhudi za Richard Fisher na mchoraji Raymond Hunt, ambayo baina ya ngozi zake mbili ilijazwa povu ili isizame hata ikikatwa vipande. Na Fisher mwenyewe, mwaka 1961, alipigwa picha za gazeti la *Life* akiikata kwa msumeno akiwa ndani yake. Haizami, ni kweli. Lakini povu lile likinywa maji kwa miaka, boti hubeba uzito usioonekana, na wapenzi wake wa leo, kabla ya kuitia mashine mpya, huipeleka mizanini kwanza. Desturi hiyo ni njema kwa boti yoyote ya faiba iliyozeeka, kwa maana hesabu zote za nguvu hujengwa juu ya uzito halisi.

Katika kuchagua mashine yenyewe njia ni tatu, na ya nne inaanza kuonekana. Mashine ya mipigo miwili, ambayo oili huchanganywa na petroli kwa kiasi cha lita moja kwa 50, ndiyo iliyoipenda pwani hii na pwani ikaipenda: nyepesi, sahili, hufunguliwa na fundi yeyote juu ya mchanga, na spea zake hupatikana hadi vijijini. Aibu yake ni kwamba katika zile za kabureta, hadi robo ya petroli na zaidi hutoka nje pamoja na moshi kabla ya kuungua, nayo huenda baharini. Marekani ilitoa kanuni mwaka 1996 zilizokazwa hatua kwa hatua mpaka mwaka 2006, na nchi za Ulaya zikafuata, hata mashine hizo mpya zikaacha kuuzwa huko ilhali kwetu zinaendelea kuuzwa. Mashine ya mipigo minne hula kidogo, haina kelele nyingi wala moshi, na anayerambaza saa sita nyuma ya mashine hiyo atarudi nyumbani bila ya kichwa kumuuma. Ila ni nzito: ya farasi 40 hukaribia kilo 100, ambapo ndugu yake wa mipigo miwili ni kilo 70 na kitu, na tofauti hiyo yote hukaa mahali pabaya kabisa, ukingoni mwa tezi. Kwa mashua ndogo nachagua ya mipigo minne ya farasi 15, na sioni haya kusema hivyo mbele ya wale wanaozisifu zile za zamani. Lakini kijijini ambako fundi wa mipigo minne hayuko, chaguo hilo linakuwa israfu, na mipigo miwili bado ina haki yake.

Dizeli ya ndani ni ya mashua kubwa kidogo na ya mtu mwenye subira. Haina plagi za kulowa, mafuta yake hayatoi mvuke mwepesi wa kuwaka, na humsukuma mtu siku nzima kwa matumizi ya chini. Petroli ndani ya chombo ni jambo jingine, na hapa sina budi kutoa hadhari: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka katika ngama ukakaa kule usionekane, na cheche moja ya stata huutosha. Mwenye boti ya zamani iliyokuwa na injini ya petroli ndani yake, akiitoa, asirudishe nyingine ya aina hiyo.

Ya nne ni umeme, na watu huijadili kwa ushabiki usio na hesabu. Lita moja ya petroli ina nishati ya kilowati-saa 9 hivi, na mashine ndogo huigeuza kiasi cha robo yake tu kuwa kazi. Betri za lithiamu za kilowati-saa 10 zina uzito wa kilo 80 hadi 100, nazo ni sawa na lita nne na nusu hivi za petroli. Kwa chombo cha kuteleza hiyo ni dakika chache. Kwa mashua ya kukata maji, inayokwenda maili 4 kwa kilowati 2 tu, ni saa tano za kurambaza kimya kando ya mwamba. Umeme, kama ulivyo sasa, utaifaa mashua ya babu kabla ya kuifaa boti ya kisasa, na bei ya betri ndiyo kizuizi kilichobaki.

Mashine ikichaguliwa, kazi haijaisha, kwani rafadha ndiyo inayogeuza nguvu kuwa mwendo, na hapo ndipo wengi huharibu walichokwisha kukitengeneza. Rafadha hujulikana kwa namba mbili za inchi: upana wake, na hatua yake, yaani umbali ambao ingesogea katika mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu. Muuzaji hutoa mashine pamoja na rafadha ya boti nyepesi, yenye hatua ndefu. Ikifungwa katika mashua nzito, mashine hulemewa: iliyoandikiwa kuzunguka mara 5,000 au zaidi kwa dakika huishia 3,800 mkono ukiwa umefunguliwa wote, nayo hupata joto, huingia masizi na kufa mapema, na mwenyewe akadhani ameuziwa mbovu. Dawa ni kupunguza hatua, na kila inchi moja ikipunguzwa mizunguko huongezeka kama 200. Jaribio hili lazima lifanywe chombo kikiwa na mzigo wake wa kweli, watu wote ndani, barafu na matangi yakiwa yamejaa. Urefu wa mguu wa mashine nao usisahauliwe: mguu mfupi ni wa inchi 15 na mrefu wa 20, na tezi ya mashua aghalabu ni ya juu, kwa hiyo anayenunua mfupi kwa kuokoa fedha ataiona rafadha ikizunguka hewani kila wimbi likipita.

Kwa dizeli ya ndani jambo zito zaidi ni kunyooka kwa shafti. Misingi ya mashine iwe magogo marefu yanayolala juu ya mataruma mengi, ili mtikisiko ugawanyike. Na nyuso mbili za kiungo baina ya gia na shafti zipimwe kwa bamba jembamba, pengo lake kati ya upande mmoja na mwingine lisizidi sehemu moja ya kumi ya milimita kwa kiungo chenye upana wa milimita 100. Kipimo hiki hakifanywi pwani. Mashua ya mbao ikishuka majini hufura na kubadilisha umbo, na shafti iliyonyooka juu ya mchanga hupinda baharini. Basi chombo kiogelee siku kadhaa kwanza, ndipo fundi akaze bolti za mwisho, na baada ya saa za kwanza za kazi azirudie tena. Maji matamu ya kuisafisha mashine ya kupachika kila jioni na vipande vya zinki vya kuliwa na chumvi badala ya chuma ni matunzo ya kila siku ambayo kila muuzaji huyaeleza, nami siyarefushi.

Limebaki jambo moja ambalo naliona kubwa, nalo ni mlingoti. Wengi wanapoitia mashua mashine huung'oa, wakauza tanga na foromali, kwa dhana kwamba zama zake zimepita. Hilo ni kosa. Mashua iliundwa kubeba tanga, uzito na mizani yake yote vilipimwa kwa hilo, na mashine moja peke yake, hata ikiwa mpya, ina pampu ya maji yenye mpira mmoja mdogo ambao mfuko wa plastiki ukiingia kwenye njia ya maji hukauka na kuungua. Anayevua nje ya miamba, na mkondo ukielekea kaskazini, atapoteza masafa mengi kabla ya kuonekana na mtu. Tanga dogo, nusu ya lile la awali, lenye foromali nyepesi ambayo mtu mmoja aweza kuitweka peke yake, halizuii mishipi wala halichukui nafasi likiwa limekunjwa ubavuni; na usukani wa zamani, badala ya kung'olewa ili kuipisha mashine, uachwe mahali pake katikati ya tezi, mashine ikae upande wa kulia juu ya kibao chake, chenye mbao za pembe ndani za kuupokea msukumo. Chombo kikienda hivyo huvuta kidogo upande mmoja, na mshika usukani hulizoea jambo hilo katika siku ya kwanza.